Shem, mgeni naye yumo kwenye Katiba

Shem, habari za Moshi, watoto hawajambo? Nimeona ulichoandika juzi kwenye grupu la familia, kwamba mgeni hana haki yoyote hapa kwetu, Katiba ni ya Watanzania na asiyeridhika arudi kwao. Nilitaka nikujibu palepale ila lile grupu lina wazee na watu walikuwa kwenye michango ya harusi, nikaona bora nikuandikie hapa kwa kirefu, na wengine wasome, maana najua hayo mawazo huna peke yako.

Kwanza tuanze na maandishi yenyewe. Chukua Katiba yetu ya 1977, ile sehemu ya haki iliyoingizwa 1984, nenda ibara ya 29, inasema kila mtu katika Jamhuri ya Muungano anayo haki ya kupata hifadhi sawa chini ya sheria. Kila mtu aliyeko humu, yaani ukishavuka Holili au Namanga ukakanyaga huku, na wewe umo. Haki ya kuishi, ibara ya 14, kila mtu. Kutokamatwa na kufungiwa hivihivi bila utaratibu wa sheria, ibara ya 15, ni vilevile, na mali yako kulindwa, ibara ya 24, vilevile. Na usiniambie walioandika walipitiwa, kwasababu walipotaka raia peke yake walisema raia: kupiga kura ibara ya 5, kwenda na kuishi popote nchini ibara ya 17, kushiriki kwenye utawala wa nchi ibara ya 21. Mgeni hapigi kura na hagombei udiwani, hapo mimi na wewe hatuna ugomvi.

Hata ardhi hatuna ugomvi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Na ile amri ya Julai 2025 iliyowakataza wageni kufanya biashara 15, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii na nyingine, naielewa, vijana wetu hapa Arusha mjini wanategemea hizo kazi. Lakini Shem, kumwambia mtu hii biashara siyo yako ni kitu kimoja, kumwambia ukiibiwa usije kulalamika ni kitu kingine kabisa, na wewe kwenye ile meseji ulivichanganya vyote.

Ngoja nikupe mfano ninaoujua. Huku Sakina kuna fundi cherehani Mkongomani, kibali anacho, kakaa miaka. Mwenye nyumba akampandishia kodi katikati ya mkataba, yeye akagoma, siku moja anarudi anakuta kufuli jipya mlangoni na cherehani iko ndani, vitambaa vya wateja ndani, na kuna mama analia gauni la mwanae la kipaimara. Akaenda ofisi moja kulalamika, sitaitaja. Kabla hata hajaulizwa imekuwaje akaambiwa lete pasipoti, akaleta, akaambiwa lete kibali, akaleta, alafu yule bwana akamwambia nyie wageni mnajifanya mnajua sana haki. Basi. Hakuna kilichoandikwa. Ikabidi tumsindikize na mjumbe na majirani wawili watatu ndio mlango ukafunguliwa, na vitenge viwili panya walishatoboa, akavilipa yeye mfukoni. Sasa hebu niambie, hapo aliyevunja sheria ni nani? Na hata asingekuwa na kibali, hiyo ingekuwa kazi ya uhamiaji na mahakama, haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kukaa na cherehani ya mtu.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Wewe unadhani haki za mgeni hazikuhusu kwasababu wewe ni raia. Nani kasema wewe ni raia? Kuna kesi iliamuliwa hapahapa Arusha, Machi 2018, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Jamaa alienda polisi 2012 kwa ajili ya mambo ya kufunga ndoa, wakaanza kutilia shaka uraia wake, pasipoti ya Tanzania ikachukuliwa, 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nao wakasema huyu siyo wetu wakamrudisha, akaishia kuishi pale katikati ya mpaka Sirari, huku hapokelewi kule hapokelewi. Mahakama ikasema Tanzania ilimvua uraia kiholela na ikamfukuza bila kumpa nafasi ya kusikilizwa, na kwamba kwa vile serikali yenyewe ndiyo ilishampa hati, serikali ndiyo ilipaswa kuthibitisha kuwa siyo raia. Unaona sasa? Ukishakubali kwamba mgeni hasikilizwi, basi wa kukumaliza anahitaji kusema tu wewe ni mgeni, na wewe utajitetea kwa haki ipi wakati umeshaikataa? Na bibi yenu mzaa mama si ametoka Taveta, Kenya, Shem? Familia ngapi za Rombo na Longido zina ndugu pande zote mbili za mpaka?

Ulisema pia hata Marekani mgeni hana kitu. Hapana. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu yao iliwasikiliza Wachina wa San Francisco waliokuwa wananyimwa leseni za udobi wakati Wazungu wanapewa, ikasema ulinzi wa sheria ni wa kila mtu, hauishii kwa raia. 1982 ikasema Texas haiwezi kuwanyima shule watoto walioingia bila karatasi. Na Aprili 2025, pamoja na joto lote la siasa za Trump, mahakama hiyohiyo ikasema Wavenezuela waliotakiwa kuondolewa kwa sheria ya 1798 ya wageni maadui wakati wa vita lazima wapewe taarifa na nafasi ya kupinga kwanza. Wanabishana kweli, tena sana, na wengine wanaumia kabla mahakama haijafika, lakini huwezi kusema hawana haki.

Umeandika kwamba tukiwapa haki watajaa. Shem, mtu kusikilizwa siyo kupewa kibali. Serikali bado inakataa mtu mpakani, bado inafukuza asiye na ruhusa, ila ifuate sheria, na ule Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu tuliouridhia, ibara ya 12, ndivyo unavyotaka, mgeni aliyeingia kihalali aondolewe kwa uamuzi wa kisheria tu, na unakataza kufukuza watu kwa makundi.

Kama unayo ibara inayosema tofauti nitumie namba yake hata inbox, nitaisoma. Ila kwenye grupu naomba urudi useme ulichosema kuhusu Katiba siyo, kwasababu wale wadogo zetu wanakuamini wewe kuliko mimi.