Matembezi ya Lisbon: siku imebadilika

Habari zenu ndugu, poleni na kazi. Tunatembea Jumamosi, siyo Jumatatu tena. Jumatatu Monasteri ya Jerónimos hufungwa, na kaburi la Vasco da Gama limo mle ndani. Watu wa Malindi, mgeni wenu wa 1498 hamwezi kumkosa!

1. Tukutane Praça do Comércio, kwenye sanamu ya Mfalme José I juu ya farasi, saa 3:30 asubuhi. Saa 4 kamili tunaondoka.

2. Tunapanda Alfama kwa miguu hadi ngome ya São Jorge. Mtaa huu ulinusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la 1755, ndiyo maana vichochoro bado vyembamba na vya kupindapinda kama Mji Mkongwe. Mawe yanateleza, vaeni raba. Kigari cha mtoto kitawasumbua, heri mbeleko.

3. Mchana, tramu namba 15 hadi Belém, iliko Monasteri ya Jerónimos.

Mchango ni euro 30 kwa mtu mzima (tiketi na chakula), umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Tafadhali jibu NIPO au SIPO kufikia Jumatano saa 2 usiku, na utaje idadi ya watoto. Asanteni.