Mjomba, na wao wanahesabu mizani

Shikamoo Mjomba,

Juzi nilipokwambia nasikiliza waimbaji wa Corsica ulinikatisha: "Hao si Wafaransa?" Ni kweli, kisiwa kiko chini ya Ufaransa tangu karne ya 18, ila Kikorsika chao ni jirani wa Kiitaliano. Ya bendera tuyaache.

Wimbo wenyewe unaitwa paghjella. Wanaume watatu husimama bega kwa bega, kiganja sikioni kama mwadhini. Ala hawana, nota hawana. Segonda ndiye mwenye wimbo, anaanza peke yake. Bassu anaingia chini yake, kama anayemtandikia mkeka. Mwisho huja terza, sauti ya juu kabisa, na kazi yake ni kupamba: anaipinda sauti, anaitetemesha, anaiacha ining'inie. Hakuna wa kusema "haya, twende". Kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake. Kanisani huimba vivyo hivyo, kwa Kilatini.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mizani. Mishororo yao ina mizani 8! Nane zilezile ulizokuwa ukinihesabisha kwa vidole barazani, nikiteleza unanirudisha mwanzo wa ubeti. Wana malumbano pia, yanaitwa chjam'è rispondi: mmoja anatupa ubeti papo kwa papo, mwenzake anamjibu kwa vina. Wewe wangekutoa pale alfajiri, tena kwa kukuburuta.

Sasa lile la kukurekodi. Ulisema wimbo haufugwi ndani ya simu, anayeutaka aje akae. Wazee wa kule nao walifundisha hivyohivyo, mdomo kwa sikio. Vijana wakahamia mijini na ng'ambo kutafuta kazi, barazani hakubaki wa kukaa. Miaka ya 1970 ndipo vijana walioipigania lugha yao, wakiwamo kikundi cha waimbaji cha Canta u Populu Corsu kilichoanza 1973, walipozirudia sauti za wazee wa vijiji kama Rusiu na Sermanu. Hata hivyo, mwaka 2009 UNESCO iliiweka paghjella kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Mimi niko mbali, Mjomba, na wajukuu zako hawajui hata kina cha kati ni kipi.

Ijumaa baada ya swala nitakupigia nikusikilizishe. Terza akianza kutetemesha, usije ukasema mtandao unakatakata.