Mwanangu, utangulizi ule usiukate

Mwanangu mpendwa,

Tuliachana vibaya juzi, kwa sababu ya ule wimbo wako. Wewe ulisema baba ana wivu, mimi nikakuita mtumwa wa simu, kila mmoja akashika njia yake. Neno langu halikustahili, nisamehe. Lako nimelibeba siku tatu nikiligeuzageuza, na nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa mdomo tungekatizana tena.

Nianze na usiku mmoja ambao hujui kwamba niliuona. Ilikuwa mwaka jana. Niliamka kwenda kunywa maji, nikakuta mlango wako uko wazi kidogo. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, umelikumbatia gitaa, mwanga wa koridoni umekuangukia mkononi. Ulikuwa unarudia kifungu kimoja tu. Kidole kidogo kilikuwa hakifiki pale kinapotakiwa, na kila ukijaribu, uzi ulikuwa unakwaruza kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Unaacha, unakunjua mkono, unaanza upya polepole kuliko mwanzo. Nilihesabu mara ngapi mpaka nikapoteza hesabu. Kisha ghafla kikatoka safi, sauti moja baada ya nyingine. Hukupiga kelele wala hukutafuta wa kumwonyesha. Ulikaa kimya kidogo, ukakipiga tena, na safari hii ulikuwa unatabasamu peke yako. Nilirudi kulala bila kunywa maji.

Kifungu kile ndicho kilichozaa utangulizi wa wimbo wako. Kwa hiyo uliponionyesha klipu iliyotazamwa na watu elfu sita nikakuta utangulizi haupo, moyo wangu ulishtuka. Nikakuuliza umekwenda wapi. Ukasema watu hawasubiri, ukanieleza na hesabu yake: mtandao wa muziki wa Spotify hauhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30, ndiyo maana maprodyuza wanataka sauti iingie mapema kabla msikilizaji hajaruka. Hesabu hiyo ni ya kweli, sikatai. Lakini hiyo ni hesabu ya mwenye duka. Wimbo wenyewe ulikuwa unataka kuanza taratibu. Wewe ndiye uliyeusikia ukitaka hivyo, usiku, kabla hujasikia habari za sekunde 30.

Usinielewe vibaya. Sisemi ujifiche. Muziki unatafuta sikio, na anayetaka kusikika hana kosa lolote. Wala siwaamini wanaosema msanii wa kweli lazima ashinde njaa. Dai malipo yako, na karatasi yoyote utakayopewa usaini, isome mpaka mstari wa mwisho, hasa panapohusu nani atamiliki rekodi zako. Hilo nakuomba kama baba.

Kinachonitisha ni kitu kingine, na nakijua kwa sababu kilinipata mimi.

Unajua tu kwamba baba yako aliwahi kupiga gitaa. Hujawahi kujua kwa nini aliacha. Nilikuwa na miaka 22, tuko wanne kwenye bendi, tukaingia kwenye shindano tukiamini tutashinda. Tulishindwa. Bwana mmoja aliyekuwa ameahidi kuturekodi akachukua kanda yetu ya majaribio, na hatukumwona tena. Nikaliweka gitaa kwenye sanduku lake, likakaa humo miaka 24. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema kazi zilizidi, familia ilikuja. Hata mama yako nimemwambia hivyo. Ukweli ni kwamba niliacha kwa sababu hapakuwa tena na wa kunipigia makofi. Nyuzi zilikuwa zilezile sita, vidole vilevile, nyimbo zilezile nilizokuwa nadai kuzipenda. Shindano halikunipokonya hata moja kati ya hivyo. Ina maana nilichokuwa nakipenda hakikuwa mle ndani ya sanduku.

Nimekuwa nikimfikiria Pablo Casals, yule mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, aliokota nota za selo za mtunzi Bach katika duka la nota kuukuu mjini Barcelona. Wakati huo watu wengi walizichukulia kama mazoezi makavu tu. Mwenyewe alisimulia kwamba alizipiga karibu kila siku kwa miaka 12 kabla ya kupata ujasiri wa kuzipiga mbele ya watu. Miaka 12! Mwanzoni nilifikiri ni subira ya ajabu. Siku hizi nadhani hakuwa anasubiri chochote. Alikuwa ameshapata.

Na Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeujua kwa hakika. Aliimba tangu utotoni, akapiga ngoma za unyago, na majukwaa ya nje yalikuja kumwita umri ukiwa umeshakwenda. Tuzo ya WOMEX, ile ya maonyesho ya muziki wa dunia, aliipokea mwaka 2005, bibi kizee. Akaendelea kuimba karibu hadi alipofariki mwaka 2013. Sauti ile ilikuwa imeshaishi maisha yake kabla ya kutunukiwa.

Sikupi mifano hii ili udhani kwamba ukivumilia, sifa itakuja tu. Wengi waliopenda vilevile hawakufuatwa na mtu yeyote, na majina yao hatuyajui. Nakupa ili ujiulize lile ambalo sikujiuliza nikiwa na miaka 22: watu elfu sita wakipungua wakabaki sita, halafu asibaki hata mmoja, usiku utalichukua gitaa? Usinijibu mimi. Jibu utalijua mwenyewe siku klipu itakayofuata itakapopita bila kutazamwa. Siku hiyo itafika, kwa kila mtu hufika, nami nisingependa ikukute huna mahali pa kurudi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila siku tenga saa moja, simu ikae chumba kingine. Usirekodi, usitafute namna ya kupiga wimbo unaovuma wiki hii. Kosea upendavyo. Yatakayotoka humo, ukitaka kuyapeleka kwa watu, yapeleke, nami nitakuwa wa kwanza kuyasikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu wivu, nimejichunguza. Ni kweli upo. Lakini siwaonei wivu wale elfu sita. Naonea wivu usiku ule, wewe na kile kidole kidogo.

Jana nilifungua sanduku. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu, mbili zikakatika nilipojaribu kuzikaza. Nimenunua mpya, nimezifunga, na nimetumia nusu saa kulitiuni kwa sababu sikio nalo limelala. Sugu za vidoleni zilishaisha zamani. Leo ncha za vidole zinaniuma hata kushika hii kalamu. Nimejaribu kukumbuka utangulizi wako kwa kichwa. Sauti nne za mwanzo nimezipata, ya tano inanikwama, nadhani ni palepale kidole kidogo kilipokuwa hakifiki.

Ukija, nionyeshe ulikipitisha vipi.

Baba yako