Ile sawa ya kwenye simu

Kibokoni, Mombasa

Mwanaisha somo yangu,

Salaam alaikum. Watoto wazima, na mama ameacha kukohoa, alhamdulillahi. Ama baada ya salamu, nataka nikupe habari ya dirisha la chumba cha juu.

Nilimweleza fundi kwa simu: la mbao, vipande viwili, vifungukie nje. Kila nikisema neno, yeye "sawa dada, sawa." Nikajua tumeelewana. Kumbe sawa yake ilikuwa ya "nakusikia," nami niliipokea kama ya "nimeelewa." Likaja dirisha linafungukia ndani, lagonga kitanda!

Juzi akaja mwenyewe. Naanza tu kueleza, nikamwona kakunja uso. Nikaliacha lile neno nikageuza kiganja, hivi, kama mtu asukumaye mlango. "Ehee," akasema, akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora kwenye kipande cha mbao. Nikaweka kidole: siyo hapa, hapa. "Kama lile la bibi wa nyumba ya pembeni?" Lilo hilo! Dakika tano hazikufika. Na tangu hapo ni "la bibi" tu: "Dada, la bibi nilete lini?"

Nikakumbuka jambo nililolisoma. Mwaka 1986 Herbert Clark na Deanna Wilkes-Gibbs, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza jaribio lao: watu wawili wawili, kizuizi katikati, mmoja amwelekeze mwenziwe kupanga picha 12 za maumbo yasiyo na jina, na warudie mara sita. Mara ya kwanza kila picha ilitaka kama maneno 41. Ya sita, 8. Mmoja hutoa jina, mwenziwe hulikubali au hulirekebisha, mpaka likawa lao wote wawili. Nao hawakuwa wakionana! Sisi tulikuwa na macho, na kidole, na penseli. Tangu siku hiyo namtazama anisikilizaye kwa jicho jingine, maana na yeye yuko kazini.

Ndiyo sababu sijakujibu, somo. Nilipokwambia sitaweza kuja kwenye arusi ya mdogo wako, ulinijibu "sawa" na simu ikakatika. Mwezi mzima naigeuza sawa hiyo, sijui ni ipi. Njoo Jumamosi, mahamri na mbaazi nitapika mwenyewe. Nataka uniambie tena nikikutazama.

Wako,
Zuhura