Yah: Malalamiko kuhusu nilivyotendewa usiku wa dharura na kupotezwa kwa jiwe langu la figo

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa moyo bado unachemka. Mimi ni nani hamna haja ya kuelezwa. Faili langu mnalo, na ni nene, kwa sababu hili ni jiwe la 4 ndani ya miaka 6 na yote nimeyaleta kwenu. Taratibu zenu za kumpokea mgonjwa wa dharura nazo mnazijua. Mmezibandika ukutani, pale pale nilipoangukia.

Nilifika saa 8 usiku nimeshika ubavu wa kushoto, natapika. Nilimwambia mhudumu wa mapokezi kwamba ni jiwe, nalijua, naomba machela. Bila kuinua kichwa akaniambia nikae nisubiri jina. Mwenye jiwe hakai. Kukaa huwezi, kulala huwezi, kusimama huwezi; unajigeuzageuza tu ukitafuta mkao wa nafuu, na mkao huo haupo. Nikateremka sakafuni. Ndipo akatoka tabibu wa zamu, akanitazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Mama, acha kuigiza. Nyie wa sindano tunawajua.” Akarudi ndani. Pale chini nilikaa kwa muda wa karibu saa 3.

Asubuhi kipimo cha CT kilionyesha jiwe la milimita 6 limekwama kwenye mrija wa kushoto unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na figo imevimba kwa mkojo uliokosa njia. Tabibu yule hakurudi kuniomba radhi. Na sindano niliyoiomba haikuwa ya kulevya. Niliomba diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, kwa kuwa ndiyo iliyonituliza mara 2 zilizotangulia na imeandikwa kwenye faili. Dawa za kundi hilo ndizo zinazotangulizwa kwa maumivu ya jiwe, kama figo na tumbo la mgonjwa vinaziruhusu. Kufungua faili kungechukua dakika moja.

Sasa jiwe lenyewe. Lilitoka siku 9 baadaye. Nilikuwa nakojoa kwenye chujio kama mlivyoniagiza, usiku na mchana, hata kazini. Nikaliosha, nikalitia kwenye kichupa mlichonipa, nikalileta maabara kwa mkono wangu na kusaini daftari. Mara ya kwanza kufuatilia nikaambiwa majibu bado. Mara ya pili, mashine mbovu. Mara ya tatu binti wa dirishani akafungua daftari, akaiona saini yangu, akasema: “Labda lilitupwa wakati wa usafi.”

Mnajua kuliko mimi maana ya hasara hiyo. Jiwe la kalsiamu oksaleti halizuiwi kama la asidi ya yuriki. Hili la pili linaweza hata kuyeyushwa kwa dawa inayopunguza ukali wa asidi kwenye mkojo, na lile linaloletwa na maambukizi lina njia yake. Bila kujua langu ni lipi, kila daktari wenu ananibahatishia. Mmoja aliniambia niache maziwa kabisa. Miaka 2 baadaye mwenzake akashtuka kusikia nimeacha, maana kalsiamu ya chakulani huishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye mkojo. Miaka 2 hiyo nilikuwa nalilisha jiwe kwa agizo lenu. Wote wanakubaliana kwenye kunywa maji. Nakunywa. Mkojo wangu unafika lita 2 na nusu kwa siku, nimeupima na kuuandika. Kuniambia ninywe maji kisha kumwita mgonjwa mwingine si matibabu.

La stenti, yaani mpira mwembamba wa kupitisha mkojo mliouweka kwenye mrija wangu, ni la jiwe la pili, lakini sitaliacha. Niliambiwa ingetolewa baada ya wiki 2. Niliishi nayo miezi 5, na kila nikikojoa ubavu unachoma. Nilipopiga simu nikaambiwa jina langu halimo kwenye orodha ya kutolewa. Mpira huo ukisahaulika huota mawe, na wangu uliota. Kuutoa, kazi ya dakika chache, kukageuka upasuaji wa kulazwa usingizi, na ankara nikaletewa mimi.

Narudi kwenye usiku ule kwa sababu sijaumaliza. Nimesema tabibu alinikuta sakafuni. Sikusema kwamba mwanangu wa miaka 11 alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, ameshika mfuko ninaotapikia, kwani baba yake alikuwa bado nje anaegesha gari. Tabibu aliposema “acha kuigiza”, macho yake yalikuwa kwa mtoto. Mlinzi akacheka. Mzee mmoja akatoka kwenye viti vya nyuma, akanikunjia koti lake chini ya kichwa, akasema, “Mwanangu, huyu ni mgonjwa.” Tabibu akamwambia arudi akakae. Hakunigusa, hakunipima hata joto. Jiwe likiwa limeziba na mgonjwa ana homa, figo inatakiwa kuzibuliwa haraka, la sivyo maambukizi huingia kwenye damu na kuua. Sikuwa na homa, lakini yeye hakujua, kwa kuwa hakupima.

Wiki hiyo hiyo, usiku, mwanangu aliniuliza: “Mama, kwani ulikuwa unaigiza?” Nikawasha taa, nikatoa picha za CT, nikamwonyesha doa jeupe. Mnisamehe, lakini hakuna mzazi anayepaswa kumtolea mwanawe ushahidi kwamba aliumwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo 2: barua ya kuomba radhi yenye saini yako, na maelezo ya jiwe langu lilikokwenda. Nikisoma niliyoandika, naona hayatoshi. Nataka pia vipimo ambavyo mgonjwa wa mawe 4 alistahili tangu jiwe la pili: mkojo wa saa 24, na damu ya kupima kalsiamu, asidi ya yuriki na homoni ya tezi za parathiroidi, zile za shingoni zinazosimamia kalsiamu, kwa gharama yenu. Nataka fedha za upasuaji wa stenti zirudishwe zote. Nataka nakala kamili ya faili langu, ikiwemo kumbukumbu ya zamu ya usiku ule. Na tabibu yule aje amwambie mwanangu, kwa kinywa chake, kwamba mama yake alikuwa anaumwa.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa 7. Zikipita, malalamiko haya yatafika kwenye baraza linalosimamia leseni za matabibu, na mwanasheria wangu atawaandikia kuhusu stenti na jiwe. Ukurasa wa daftari la maabara wenye saini yangu nimeupiga picha, na mzee mwenye koti yuko tayari kusema alichokiona.

Jibu lije kwa maandishi. Simu zenu sitapokea.

Wako,
Mgonjwa mwenye faili tajwa