Bwana Msa Kafungiwa Bajia

Coventry, Jumapili usiku

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, Mama na wote mliomo humo ndani. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi, hofu na mashaka ni juu yenu. Naandika kwa mkono kwa sababu sauti ninazokutumia huzisikilizi mpaka mwisho, unafika pale ninapokohoa unafunga. Barua atakuja nayo mke wa Athumani, anasafiri Alhamisi. Atakuwa kwao Ngamiani siku mbili tatu, mtume Sele akaichukue, asiende na zile ndala.

Nianze na la Sele, maana najua ndilo utakalolitafuta kwanza. PlayStation nitamnunulia. Nilisema akifaulu kidato cha pili nitamnunulia, kafaulu, siwezi kuwa mwongo kwa mtoto. Ila mwambie mambo mawili. Hilo gemu analoliita FIFA halipo tena kwa jina hilo, tangu 2023 linaitwa FC, watengenezaji wake na FIFA waliachana, kwa hiyo asije akalia kwamba nimemletea feki. Na nitanunua ile yenye tundu la sidii. Ipo isiyo na tundu, ni nafuu kidogo, lakini kila gemu unalishusha kwa intaneti, na gemu moja ni makumi ya GB. Bando lenu la mwezi litaisha kabla hajapiga hata kona. Ya sidii ataazimana na wenzake. Plagi yake ya pini tatu kama za kwetu, msihangaike na fundi.

Kaka Mkubwa kanipigia kunigombeza. Eti nanunua midoli wakati nyumba inavuja, na gemu zinapumbaza watoto. Mchango wa bati nimeshamtumia, na asiseme hajauona, risiti ninayo. Hilo la kupumbaza, muulize kwa niaba yangu: yeye bao analokaa nalo kuanzia alasiri mpaka taa ziwake, mbona halijampumbaza? Anahesabu kete, anatega, anatukana, anacheka na watu. Sele naye ndiyo hayo hayo, tofauti ni pedi mkononi. Mimi Kiingereza changu cha kwanza nilichokielewa bila kuchapwa kilikuwa cha kwenye gemu. Neno *substitution* nimelijua kwa kumtoa beki aliyechoka, si kwa mwalimu yeyote.

Na kwa taarifa yenu, mimi ni bingwa. Pale ghalani kazini, kwenye chumba cha mapumziko, waliweka mashindano ya FC mwezi wa pili. Vijana kumi na tano na mimi mzee wao. Fainali nikakutana na kijana wa Kipolandi mwenye miaka ishirini, anacheza kwa kasi kama anafukuzwa. Nikamtuliza. Pasi fupi fupi, kama tulivyokuwa tukicheza uwanjani nyuma ya msikiti, nikamwacha akimbie peke yake. Tatu moja. Nimepewa kikombe, na ni kikombe kweli, cha kunywea chai, kimeandikwa bingwa. Nakinywea sasa hivi. Picha nitaituma, muonyeshe Kaka Mkubwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikate karatasi.

Ile picha ya futari uliyotuma, ya meza. Mate yalinitoka, nisikufiche. Nikaikuza kwa vidole viwili nione zile bajia za Mama Zuhura vizuri. Chini ya bajia kuna karatasi ya kitabu. Mafuta yameilowesha imekuwa kama kioo, maandishi ya upande wa pili yanaonekana yamegeuka. Nikasoma “Najum”, yule mwenzake Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya za Baba. Ubavuni kuna mstari wa bik nyekundu na alama ya vyema. Dada, Tanga nzima ni nani mwingine aliyekuwa akisahihisha riwaya kama daftari la mwanafunzi?

Nikampigia Sele, akaniambia kila kitu, usimgombeze. Kwamba sanduku la Baba lilitolewa chini ya kitanda ili kabati la vyombo lipate nafasi, na vitabu vikauzwa kwa kilo. Kwa kilo! Sijui Mama Zuhura alitoa shilingi ngapi, na sitaki kujua, maana nitakasirika upya. Vikombe vya wageni ambavyo hata wageni hawavinywei vimekaa kwenye kioo, Bwana Msa kafungiwa bajia.

Unaweza ukasema ni karatasi kuukuu. Ni kuukuu kweli, kitabu chenyewe, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilitoka 1960, hata Uhuru hatujapata. Lakini umeme ukikatika, wewe si ndiye uliyekuwa wa kwanza kumwambia Baba “tusomee Bwana Msa”? Anaweka kibatari juu ya kinu, anachukua kijiko cha chai anakiuma pembeni ya mdomo kuwa ndiyo kiko, halafu anasoma kwa sauti ya Kiunguja ambayo hakuwa nayo. Akifika penye siri anafunga kitabu. “Nani muuaji? Kesho.” Na sisi tunalala tunabishana. Wewe kila mara ulikuwa unamshuku yule mwenye adabu. Nimekuja kuona ulikuwa na akili.

Huku nimerudia kusoma, Dada. Maktaba iko njiani ninapotoka kazini, ina joto, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Nilianza kwa kuingia kupasha miguu, nikatoka na kitabu. Abdulrazak Gurnah, yule wa Unguja aliyepewa Nobeli 2021, nilimsoma kwanza kwa Kiingereza, kile kiitwacho *Paradise*. Kizuri, lakini nilikuwa nasoma kama mtu anayechungulia nyumba ya kwao kwa dirishani. Baadaye nikasikia kimetafsiriwa, kinaitwa *Peponi*, kafasiri Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022. Nikaagiza. Kimechapishwa na Mkuki na Nyota, hapo hapo Dar! Wewe ungekipata kwa nauli ya basi, mimi nimekilipia na bahari yote. Lakini sijutii. Nilikisoma kwenye basi la kazini nikapitiliza vituo viwili. Kazini nikawaambia huyu ni mtu wa kwetu, mmoja akaniuliza kama namjua. Nikasema ni mjomba. Nisamehe, ulimi uliteleza.

Humo ndani kuna mtoto, Yusuf, baba yake ana deni kwa tajiri, basi mtoto anawekwa rehani. Hapo nikafunga kitabu, nikatazama nje. Kwa sababu na mimi nimewahi kuweka rehani kitu, na aliyelipa ni wewe.

Unakumbuka *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya Baba, ile ya 1981 yenye jalada lililoshikwa na plasta? 2004, nipo kidato cha pili. Pale Barabara ya Nane palikuwa na kibanda cha gemu, mashine mbili, feni moja. Mwenye kibanda ana binti anasoma, anatafuta kamusi. Tukakubaliana: mechi kumi, na nikileta hela anirudishie. Mechi kumi nilizimaliza kwa siku mbili. Hela sikupeleka. Baba alipoitafuta, mimi nilisema nilimwona nayo Mwanahawa. Ulichapwa ukasema hukuichukua, ukachapwa tena kwa uongo. Nilikuwa nyuma ya mlango wa uani, naikata kucha ya kidole gumba kwa meno. Miaka ishirini na kitu hii nimekuwa nikikutumia vitenge bila sababu. Sababu ndiyo hiyo.

Kwa hiyo sina uso wa kukufokea sana. Lakini nataka vitabu vilivyobaki. Sele anasema bado kuna fungu halijachanwa, liko kwenye ndoo chini ya meza ya Mama Zuhura. Nenda kesho. Mpelekee magazeti, mpelekee madaftari ya zamani ya Sele, kilo kwa kilo, hata mbili kwa moja. Hela ya ziada nimeiweka kwa mke wa Athumani, bahasha ya kaki, si ile nyeupe. Nyeupe ni ya dawa za Mama.

Mengine ni ya kawaida. Kazi ipo, mgongo nao upo. Baridi imelegea. Ile mbuzi uliyonitumia ndiyo fahari ya nyumba hii kuliko hata televisheni. Jumapili nanunua nazi mbili kwa Wahindi, moja huwa imeoza, nakalia mbuzi katikati ya sebule, kikoi juu ya suruali ya sufu, nakuna. Mama wa chini alikuja kugonga akidhani napasua mbao. Nikampa wali wa nazi kwenye bakuli. Siku hizi nisipokuna anauliza kulikoni. Machicha yakianguka kwenye zulia siyatoi mpaka usiku, napenda ile harufu ikae. Tui la kopo lipo madukani, ninalo kabatini, lakini lile ni maji yaliyosimuliwa habari za nazi.

Mama mwambie nakula vizuri na sijakonda, ile picha ya mwisho ni mwanga tu.

Sele akiuliza mashine inakuja lini, mwambie Athumani mwenyewe anakuja mwezi wa nane, atakuja nayo kwenye begi la mkononi. Akabidhiwe baada ya kunipigia simu na kunihesabia vitabu kimoja kimoja, asome majina kwenye majalada, na kisicho na jalada asome mstari wa kwanza. Nitavijua.

Na mchaichai utakaompa mke wa Athumani wakati wa kurudi, ukaushie kivulini. Wa mwaka jana uliuanika juani, ulifika umekuwa nyasi.

Mdogo wako,
Bakari