Risasi nzuri ya mita 250 inaweza kukuharibia windo ukiwa mita 40

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia, mwezi Julai, swali la wateja katika duka letu la risasi ni lilelile: "Risasi gani inafika mbali?" Nasi tunauliza: unakwenda kuwinda mnyama gani, na utampigia wapi, kichakani au mbugani? Maana wateja wengi wanaogopa umbali, kumbe kinachowaharibia ni ukaribu.

Dukani tuna vichwa viwili vya risasi tulivyovitoa kwenye nyama. Kimoja kimechanua kama uyoga, kizito bado kiganjani. Kingine ni ngozi tupu ya shaba, imekunjamana kama ganda la karanga.

Hicho cha pili kilitoka kwa pofu dume. Mteja wetu alimpiga kwa bunduki ya .300 Winchester Magnum, mita 40 hivi, kwa risasi iliyotengenezwa ichanue upesi hata ikifika imepungua kasi. Pale ilikuwa bado na kasi yote, ikapasukia kwenye mfupa wa bega. Tulifuata damu hadi giza likatukamata. Asubuhi tulimkuta, fisi wametutangulia. Mnyama yule aliteseka kwa kosa lililofanyika hapa kwenye kaunta, na linaniuma mpaka leo.

Kisa cha namna hiyo kilimpata Mmarekani John Nosler huko Kanada mwaka 1946: risasi zake zilivunjika juu juu kwenye mwili wa mnyama mkubwa aliyejaa matope. Akaunda kichwa chenye vyumba viwili na ukuta wa shaba katikati. Cha mbele kinachanua, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kupenya.

Kwa nyati, ambaye mara nyingi utampiga kati ya mita 30 na 80, hatushauri chini ya .375 Holland & Holland, kichwa cha greni 300 (gramu 19 hivi), inayotoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Ya kwanza iwe laini, yaani inayochanua, lakini ile ambayo moyo wake wa ndani umegandishwa na ganda lake la shaba visiachane. Zinazofuata ziwe ngumu, zisizochanua, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa akikupa mgongo, ngumu ndiyo itakayopenya. Ila usianze na ngumu kundini: itapita na kumpata aliye nyuma.

Mbugani, kwa swala au kongoni wa mita 200 na zaidi, chukua kichwa chenye ncha kinachochanua kirahisi. Vichwa vingi vikishuka chini ya mita 550 kwa sekunde havichanui vizuri. Vinatoboa tundu dogo kama la msumari, mnyama anakimbia.

Na .375 uliyoilenga sawasawa mita 100 itakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 10 ikifika mita 200. Kwa hiyo njoo na bunduki yako, kibali chake na boksi lilelile utakalokwenda nalo porini. Tutapiga shabaha pamoja mita 50, 100 na 200 kabla hujaondoka.